Migahawa tisa, oda moja: baga ya kawaida na glasi ya laga

Tonge la Ijumaa (mwenye uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo naushusha. Mimi na rafiki yangu tumezunguka migahawa tisa mjini kwa miezi mitatu, na kila tulipoingia tuliagiza kitu kilekile: baga ya nyama ya ng'ombe yenye kipande kimoja cha jibini, isiyo na nyongeza yoyote, na glasi ya laga ya bomba. Kama hawana ya bomba, basi ya chupa.

Kwa nini oda moja? Ukiuliza watu baga nzuri iko wapi, watakutajia ile yenye nyama tatu, yai, vitunguu vya kukaanga na sosi inayochuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nimezila hizo na nyingine ni tamu kweli, ila ukimaliza huwezi kusema nyama ilikuwaje, maana sosi imeongea peke yake. Ukitaka kujua kama jikoni kuna mpishi, mwondolee kila cha kujifichia. Abaki na nyama, chumvi, moto na mkate. Bia nayo ni hivyohivyo. Laga ni nyepesi, haina pa kuficha kasoro, bomba likiwa chafu unalijua funda la kwanza tu.

Mgahawa wa kwanza tulifika saa ambayo meza zote zimejaa. Baga ililetwa nene, inapendeza kwa macho, lakini nilipoikata katikati nyama ilikuwa ya kijivu kuanzia juu mpaka chini, kama imechemshwa. Na kwa kweli ilikuwa imechemshwa. Nyama nyingi zikirundikwa kwenye kikaango kimoja kwa wakati mmoja, chuma kinapoa, maji yanatoka, na nyama inaiva kwenye maji yake yenyewe. Maji yanayochemka hayavuki nyuzi joto 100, wakati ule ukoko wa kahawia unaotupa utamu wote unataka nyuzi 140 na zaidi. Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyeeleza mwaka 1912 jinsi sukari na chembe za protini zinavyoungana kwenye joto na kuzaa rangi na harufu ile. Ndiyo maana nyama ya kuchoma na ya kuchemsha zinanukia tofauti ingawa zimetoka kwa ng'ombe mmoja.

Wa pili na wa tatu nipite haraka. Wa pili mkate ulikuwa wa jana, mkavu. Wa tatu nyama ilitoka kwenye barafu moja kwa moja, nje imeungua na katikati bado ya baridi. Bia zao zilikuwa sawa.

Wa nne ulinisumbua sana, kwa sababu kila kitu kilionekana sawa. Ukoko upo, mkate laini, jibini limeyeyuka. Lakini nyama ilikuwa inavutika mdomoni kama soseji, haikatiki kwa meno vizuri. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Chumvi ikichanganywa ndani ya nyama ya kusaga na kukandwa, inayeyusha protini na kuzigandisha pamoja. Hiyo ndiyo kazi yake kwenye soseji. Kwenye baga chumvi inanyunyizwa juu tu, dakika ileile nyama inakwenda motoni.

Sasa mgahawa wa nane. Huu nitaueleza taratibu.

Tulikaa kaunta, jiko liko wazi mbele yetu. Mpishi alichukua donge la nyama ya kusaga mfano wa chungwa dogo, halijakandwa, amelikusanya tu kwa vidole. Akaliweka kwenye bamba la chuma lililokuwa linatoa moshi mwembamba. Hapohapo akalikandamiza kwa mwiko mpana, kwa nguvu za mikono miwili, mpaka likawa jembamba na kingo zake zimechanikachanika kama lesi. Chumvi juu. Kisha akaliacha. Hakuligusa tena. Nilikuwa nimezoea kuona wapishi wakibonyeza nyama kila baada ya muda, mafuta yakilia tssss, na mlaji anafurahia sauti. Kumbe sauti ile ni utamu unaoondoka. Kukandamiza kunafaa sekunde kama 30 za mwanzo, mafuta yakiwa bado hayajayeyuka. Baada ya hapo kila ukibonyeza unakamua juisi.

Alipogeuza hakuisukuma, aliikwangua kwa ukingo wa mwiko ili ukoko usibaki kwenye chuma. Upande uliokuja juu ulikuwa wa kahawia iliyoiva, na zile kingo zimekauka mpaka zinavunjika. Jibini likawekwa, mkate uliokuwa umebanikwa kwenye mafuta ya nyama hiyohiyo ukafunika. Kutoka bambani mpaka mkononi kwangu haikufika dakika nne.

Nilikula kimya. Rafiki yangu naye kimya. Tukaagiza nyingine.

Habari ya bia naiweka kwenye komenti inayofuata maana hapa pamekuwa parefu. Karibuni mtoe na yenu.

---

Mwana wa Kaunta

Mkuu umeandika vizuri sana. Nimefanya kazi ya kumimina bia miaka saba, naomba niingie kwenye sehemu yangu kabla hujaleta ya kwako.

Watu wanaangalia ubaridi tu. Glasi ikija na baridi hadi inatoa jasho, wanasema bia nzuri. Mimi nawaambia angalieni vitu viwili. Cha kwanza, viputo vinavyong'ang'ania ukutani mwa glasi kwa ndani. Mnaona vile vinavyokaa palepale havipandi? Pale pana mafuta au mabaki ya sabuni. Glasi safi viputo vyake vinapanda katikati tu, ukuta unabaki mtupu. Cha pili, kadiri unavyokunywa povu linatakiwa liache alama ya pete kwenye glasi, funda moja pete moja. Povu likikatika na kupotea ndani ya dakika moja, glasi haijaoshwa sawasawa, hata bia ikiwa nzuri namna gani.

Halafu mipira inayotoa bia kutoka kwenye pipa. Ndani yake hamira na bakteria hujenga utando. Ushauri unaofuatwa na watengenezaji bia wa Marekani ni kusafisha kwa dawa kila baada ya siku 14. Sehemu nyingine inasafishwa pale mteja anapolalamika.

---

Tonge la Ijumaa

Mwana wa Kaunta, umenifungulia njia. Mgahawa wa sita ndio ulionifundisha habari za mipira, kwa uchungu.

Baga yao ilikuwa ya pili kwa ubora kati ya tisa. Laga ikaja na harufu ya siagi, siagi kabisa, kama umefungua kopo lake. Nikadhani pua yangu imechanganya na mkate. Rafiki yangu akanusa, akasema siagi na kwa mbali siki. Tukamwita mhudumu, tukamweleza kwa adabu, akatuletea glasi nyingine ya bomba lilelile na ikawa vilevile. Tukaomba laga hiyohiyo ya chupa. Safi! Hakuna siagi wala siki. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwa aliyeitengeneza bia, lilikuwa kwenye safari yake kutoka kwenye pipa mpaka kwenye glasi.

Niliumia kwa sababu jiko lao linajituma. Kuna mtu kule ndani anachoma nyama vizuri, halafu mteja anaondoka na siki mdomoni na lawama inamwangukia hata yeye.

---

Nuru Kibatari

Habari zenu kaka zangu. Naomba kuuliza, maana mimi situmii kilevi. Je, hii habari ya bia kuendana na baga ina ukweli wowote au ni mazoea tu? Nikinywa soda nakosa nini?

---

Mwana wa Kaunta

Dada Nuru, swali zuri. Ina ukweli, na baadhi yake unaupata hata bila kilevi.

Baga ni mafuta na chumvi. Mafuta yanafunika ulimi, ndiyo maana tonge la nne halina utamu wa tonge la kwanza. Gesi ya bia inausugua ulimi, na uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unayakata yale mafuta, kwa hiyo tonge linalofuata linakuwa jipya. Soda ina gesi ila ina sukari nyingi, nayo inaongeza uzito juu ya uzito. Maji yenye gesi na kipande cha limau yatakufaa kuliko soda. Siku hizi bia zisizo na kilevi nazo zimekuwa nzuri, hopsi zimo na uchungu upo, ila soma chupa vizuri kwa sababu nyingi zinaruhusiwa kuwa na kilevi hadi asilimia 0.5. Kama unaepuka kabisa, tafuta iliyoandikwa 0.0.

---

Nuru Kibatari

Ahsante sana, nimeelewa. Limau na maji ya gesi nitajaribu.

---

Moto Mdogo

Mimi napingana na mwenye uzi kwenye jambo moja. Hiyo nyama nyembamba iliyokandamizwa imekuwa mtindo, kila mgahawa mpya unaifanya hiyohiyo. Nyama nene iliyoiva kiasi, katikati ina uwekundu, juisi inatiririka, ndiyo baga yenyewe. Ile nyembamba unakula ukoko mtupu.

---

Mpishi wa Zamu ya Usiku

Moto Mdogo, suala la nene au nyembamba ni la mtu na mdomo wake, nakuheshimu. Ila kwenye uwekundu wa katikati naomba unisikilize, maana mimi ni mpishi na hili siliachi lipite.

Kipande kizima cha nyama, bakteria wako juu, kwa nje. Ukikichoma nje unawaua, ndani unaweza kuacha pekundu. Nyama ikishasagwa, ule upande wa nje umechanganywa na wa ndani, bakteria wako kila mahali. Mwaka 1993 huko Marekani zaidi ya watu 700 waliugua kwa baga ambazo hazikuiva, na watoto wanne walifariki. Ni bakteria aina ya E. coli O157:H7. Mwaka uliofuata serikali yao ikakataza nyama ya kusaga yenye bakteria huyo kuuzwa. Joto wanaloelekeza mpaka leo kwa nyama ya ng'ombe ya kusaga ni nyuzi 71 katikati, na linapimwa kwa kipimajoto. Rangi inadanganya. Kuna nyama inakuwa ya kahawia kabla haijafika, na nyingine inabaki na wekundu ikiwa imeshafika.

Jikoni kwetu nina kipimajoto mfukoni kama fundi na futi yake. Baga nene ikifika 71 na bado ina juisi, ujue mafuta yapo ya kutosha. Ndiyo siri ya nyama nene: asilimia 20 iwe mafuta. Ukitumia nyama isiyo na mafuta ukaivisha mpaka 71, unampa mteja kifuniko cha sufuria.

---

Moto Mdogo

Mkuu, hiyo ya mwaka 1993 sikuwa naijua. Nina mtoto wa miaka mitano na huwa namkatia kipande cha baga yangu. Nimekuelewa, tena nashukuru.

---

Tonge la Ijumaa

Moto Mdogo, ngoja nikutendee haki. Mgahawa wa tano ulikuwa na baga nene na niliipenda. Iliiva, na ilikuwa na juisi. Tofauti niliyoiona ni kwenye bia. Ile nyembamba ya mgahawa wa nane ina ukoko mwingi na chumvi imekaa juu, laga inaikata barabara. Ile nene ya mgahawa wa tano, laga ilionekana kama maji pembeni yake. Siku ya pili nilirudi, nikavunja sheria yangu, nikaagiza stauti, ile bia nyeusi. Hapo ndipo vikakutana. Kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi kina ladha ya kuungua kidogo, kama kahawa, na nyama iliyochomwa nayo inayo. Zikaongea lugha moja.

Nilijifunza pia kusubiri. Stauti ikitoka friji haina inachosema. Niliiacha mezani kama robo saa na ilipopoteza ule ubaridi mkali ndipo kahawa ikatokea. Baridi kali inaua ladha ya bia yoyote, ila kwa laga tunavumilia kwa sababu ya kiu.

---

Shayiri na Ngano

Nimefuatilia uzi wote. Wacha niongeze kidogo kuhusu laga yenyewe, kwa kuwa imeonewa hapo juu kwa kuitwa maji.

Laga ya rangi ya dhahabu tunayoiona kila meza ina umri unaojulikana. Mwaka 1842, mji wa Plzeň, nchi ambayo leo ni Chekia, bwana mmoja kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani ya leo, anaitwa Josef Groll alitumia kimea cha rangi nyepesi, hopsi za pale na maji yao laini, ikatoka bia inayong'aa. Kabla ya hapo bia nyingi zilikuwa na rangi ya giza. Bavaria kwao kulikuwa na amri tangu mwaka 1516 kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa kabisa.

Ninachotaka kusema ni kwamba laga nzuri ina ladha ya mkate na majani. Ukiipata ambayo haina ladha, usiilaumu aina nzima. Na kama ni ya chupa, tazama chupa yenyewe na ilipokuwa imewekwa. Mwanga unavunja kemikali za hopsi na kuleta harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe haizuii kitu. Mgahawa unaopanga bia dirishani ili zipendeze, mimi naagiza ya kopo.

---

Mpishi wa Zamu ya Usiku

Kuhusu jibini nalo msilisahau. Mwenye uzi amesema kipande kimoja, basi kiwe kile laini cha kuyeyuka, chenye chumvi za kushikanisha mafuta na maji. James Kraft alipata hataza ya jibini la kusindika mwaka 1916 na watu wanalidharau, ila juu ya nyama ya moto halina mpinzani. Jibini lililokomaa miaka miwili, ukilipasha mafuta yake yanajitenga, unabaki na utelezi na vipande vigumu. Lile ni la kula peke yake, polepole.

Na vitunguu! Kuna namna moja ya Oklahoma huko Marekani, mji wa El Reno, vitunguu vinakatwa vyembamba kama karatasi na kukandamizwa ndani ya nyama ikiwa kwenye chuma. Vinaivia mafuta ya nyama mpaka vinakuwa vitamu. Mkate unawekwa juu upate mvuke wake. Mwenye uzi, hiyo siihesabu kama nyongeza.

---

Nuru Kibatari

Nimerudi wakuu. Jana nilikwenda na dada yangu, nikaagiza kama mlivyoelekeza: baga ya kawaida na maji ya gesi yenye limau. Mhudumu akaniuliza mara mbili kama kweli sitaki sosi. Kwa mara ya kwanza nilisikia ladha ya nyama yenyewe. Ilikuwa na chumvi upande mmoja tu, upande wa pili haina kitu. Zamani nisingegundua. Dada yangu alichukua yake yenye sosi nne akasema iko sawa kabisa, nikamwomba aonje yangu, akanyamaza kisha akasema "mbona ya kwako ina kasoro?" Jiko moja, nyama moja.

---

Tonge la Ijumaa

Dada Nuru, umenifurahisha sana. Hicho ndicho nilichokuwa nakihangaikia kukieleza tangu mwanzo wa uzi, na umekieleza kwa baga mbili mezani.

Kwa wanaouliza kwenye ujumbe wa faragha jinsi tulivyofanya bila kulewa na kushiba: tulikuwa tunagawana baga moja, glasi ndogo moja kila mtu, mgahawa mmoja kwa siku. Gari tuliliacha nyumbani kila safari. Mara moja tulijaribu migahawa miwili jioni moja na ule wa pili hatukuutendea haki, ulimi ulikuwa umechoka. Tuliufuta kwenye orodha na kurudi wiki iliyofuata.

Mgahawa wa sita nimeurudia juzi. Nilimtafuta meneja, nikamweleza habari ya siagi na ya chupa, taratibu, bila watu kusikia. Alinisikiliza. Akanipeleka nyuma, akanionyesha mapipa, akasema mtu wa kusafisha mipira aliacha kazi na hakuna aliyechukua nafasi yake. Hakunipa glasi ya bure wala sikuomba. Jumamosi hii ameniambia nirudi.

---

Mwana wa Kaunta

Ukirudi, agiza glasi ya kwanza kabisa wanapofungua. Bia iliyolala kwenye mpira usiku kucha ndiyo inayosema ukweli wote. Utuletee majibu hapahapa.

---

Tonge la Ijumaa

Nimerudi kutoka huko sasa hivi. Glasi ya kwanza ya siku, saa ya kufungua. Viputo vinapanda katikati, ukuta mtupu. Nimenusa mara tatu: mkate, majani, basi. Nikaagiza baga, nikakaa dirishani, na kwenye glasi nimehesabu pete sita.